Mate Kwenye Mita ya Mahindi

Sipendi mate. Nianze hapo, maana kila aliyewahi kukaa nami nyumba moja anajua. Mtu akitema mate karibu yangu nikiwa mezani, nasukuma sahani, nainuka, na simwombi mtu radhi. Wajukuu wangu hunicheka kwa hilo. Wacha wacheke. Wangemwona nyapara wa stoo yetu akipima mahindi, wangechukia mate kunishinda mimi.

Nyapara yule ndiye aliyekuwa akiamua mahindi yapi yamekauka na yapi bado yana maji, na kipimo chake kilikuwa jino. Alikuwa anatumbukiza mkono kwenye gunia, anatoa punje chache, anazirusha mdomoni juu ya tumbaku aliyoitafuna tangu asubuhi, kisha anauma. Punje ikilia ka, ni kavu. Ikikaa kimya, ina maji. Akishaamua, anatema vyote pamoja, punje, tumbaku na mate ya rangi ya kutu, wala hatemi kando, la, anatema palepale kwenye lundo. Halafu anajipangusa mdomo kwa kiganja na kutumbukiza kiganja kilekile kwenye gunia linalofuata. Na sehemu ya lundo hilo ndiyo iliyokuwa chakula chetu.

Shamba lenyewe lilikuwa njia ya kutoka Nakuru kwenda Rongai, na miaka ilikuwa ile ya hamsini, wakati wa pasi na askari kila njia panda. Mimi nilirudi kutoka vitani nikiwa najua redio. Jeshini nilifundishwa kuibeba, kuifungua na kuifufua, na mzungu mwenye shamba alipopata habari zangu aliniandika kazi ya kuangalia jenereta, pampu ya maji, na redio yake mwenyewe aliyosikilizia mambo ya kwao kila jioni. Alinipa chumba kando ya stoo. Mama yangu alikuwa kambini pamoja na wafanyakazi wengine, akivunja mahindi msimu wa kuvunja na kupalilia msimu wa kupalilia. Tulikuwa tumehamia hapo kutoka juu Sachangwan, ambako baridi ilikuwa imemwingia kwenye mifupa. Mwaka ninaousimulia, mke wangu alikuwa amekwenda kwao kujifungua mtoto wa pili, na binti yetu wa kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kusema maneno yakaeleweka, alibaki na nyanya yake kule kambini.

Kambini watu walikula posho. Kila Jumamosi wanawake walipanga foleni mlangoni pa stoo na madebe yao, na nyapara akawapimia. Bwana alikuwa na sheria moja ambayo kila mtu aliijua bila kuambiwa: mahindi makavu yaende Nakuru kwa wanunuzi, yaliyovunda yaende kambini. Ukifungua debe la posho, kwanza harufu inakupiga, harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye maji. Punje zilikuwa na ukungu wa kijani na wa majivu, nyingine nyeusi kabisa, zimeshikana kwa nyuzi za wadudu. Wanawake walichagua, wakapepeta, wakaosha, wakaanika machache waliyoweza, na bado ugali ulitoka wa kijivu, mchungu kwenye koo. Binti yangu alikuwa anautapika. Alikula tonge mbili, akanyamaza, akatapika, na baadaye akalia njaa. Miguu yake ilikuwa imeanza kuwa myembamba na tumbo limejaa. Mama alimpa maziwa alipoyapata, lakini maziwa hayakupatikana kila siku. Niliutazama ule ugali ukirudi kutoka kwa mtoto nikasikia hasira na kinyaa kwa pamoja, na hadi leo sijui kutenganisha viwili hivyo.

Sasa, msimu uliotangulia, bwana alikuwa ameaibishwa. Lori lake zima lilirudishwa kutoka steshenini Nakuru mbele ya wazungu wenzake, ati mahindi yana maji. Jino la nyapara lilikuwa limekosea. Bwana alirudi na uso mwekundu, akatukana kila kitu chenye masikio, kisha akawa anakaa barazani akisoma magazeti ya wakulima. Humo ndimo alimosoma kwamba Ulaya kuna mashine ya kupima maji ndani ya nafaka kwa stima. Akaniita. Akaniuliza kama mtu anayejua redio anaweza kutengeneza kitu kama hicho, kidogo, cha kubebwa begani, ili aende nacho hata kwa majirani aliokuwa akinunua mahindi kwao.

Nilimwambia naweza. Kisha nikamwuliza jambo moja tu, maana ndilo lililokuwa likinichoma: mashine ikisema mahindi haya yana maji, yatafanywa nini? Akasema yataanikwa, bila shaka, na ndiyo maana ya kuyajua mapema. Nikamwamini. Niliona wazi kichwani mwangu: mahindi yanashikwa kabla ya kuoza, yanatandazwa juani, yanakauka, na hakuna tena kilichooza cha kupelekwa kambini. Kazi ile niliifanya kwa ajili ya tumbo la binti yangu. Mzungu na lori lake, hiyo ilikuwa shauri yake.

Jambo lenyewe ukilisema ni rahisi. Stima hupenda maji. Ukiweka mahindi yaliyosagwa katikati ya vipande viwili vya shaba na kuyasukumia stima ya betri ya redio, mahindi yenye maji yataipitisha na makavu yataizuia. Taabu ni kwamba mahindi yanayokaribia kukauka hupitisha mkondo mdogo mno, mdogo hata mita ya kawaida haijui kama kuna kitu. Nilijaribu na mita niliyoitoa kwenye redio ya jeshi iliyokufa. Mshale ulilala tu. Ilibidi niweke valvu ya redio iukuze ule mkondo kwanza, na valvu ukitaka ikusikilize sawasawa, mlango wake wa kuingilia usiguswe na stima nyingine yoyote isipokuwa ile unayoipima. Kila njia nyingine lazima uizibe. Hapo ndipo nilipokutana na uchafu wa dunia hii.

Sikujua dunia ni chafu kiasi gani mpaka nilipotaka kupima stima ndogo. Kisanduku cha kwanza nilikiunda kwa ubao mzuri wa mwerezi, nikaupiga randa, nikaupaka vanishi. Asubuhi ubao ulikuwa umenyonya umande, stima ikatembea juu yake, na mshale ukapanda kabla sijaweka hata punje moja. Nikautupa. Nikaenda Nakuru kwa Mhindi mmoja aliyeuza mabaki ya jeshi, nikapata valvu ndogo, urefu wa kidole cha mtoto, na kipande cha plastiki ya dirisha la ndege, ile ambayo vijana walikuwa wakichongea pete na vitana. Plastiki ile haipitishi kitu. Lakini siku hiyo upepo ulikuwa unatoka ziwani, na anayeijua Nakuru ya kiangazi anajua ninachosema: vumbi jeupe la magadi linakuingia machoni, mdomoni, ndani ya kikombe cha chai, na linanuka vyote vinavyooza ufukweni. Lilijipaka kwenye plastiki yangu. Na njiani nikirudi, askari wa kizuizi alinifungulisha mfuko, akaitoa ile plastiki, akaiuma, ati aone kama ni kioo. Akaiuma kwa magego! Akanirudishia ikiwa inang'aa mate, nikaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya.

Niliiosha kwa spiriti ikapona. Nikaigusa kwa kidole nikikaza skrubu, ikaugua tena. Kidole changu mwenyewe, nimenawa kwa sabuni, na bado jasho la kidole kimoja lilitosha kuuinua mshale. Kuanzia hapo nikaona mafuta na jasho kila mahali: kwenye vitasa, kwenye ukingo wa vikombe, kwenye mikono ya watu wanaonisalimu. Nyapara naye alipenda kuja kusimama nyuma yangu akitafuna, akiuliza kama stima ina meno. Akicheka, matone yanaruka. Siku moja tone likatua mezani pangu kando ya valvu, nikainuka na bisibisi mkononi, na tangu siku hiyo alichekea mlangoni.

Polepole ikaja. Valvu niliipa moto mdogo kuliko ule iliouzoea, nikagundua kwamba ikiwa nusu usingizi inatulia zaidi. Nikaifungia ndani ya mkebe wa majani ya chai ili isisumbuliwe na jenereta wala na mtu anayepita. Viungo nikavimiminia nta ya nyuki niliyoichemsha mpaka ikaacha kutoa povu. Kikombe cha kuwekea mahindi nilikichonga kutoka bomba la shaba, nikakifunga juu ya kisanduku, na waya wake ukaingia ndani kupitia kola, pete niliyoichonga kutoka ile plastiki ya ndege. Ili kujua alama za mshale, nilikausha mahindi kwenye jiko la memsaab, mke wa bwana, nikiyapima kwa mizani yake ya keki kabla na baada, huku mpishi akinung'unika kwamba mkate wake unanuka stoo. Panapotengana mahindi ya kuuza na yenye maji nikachora mstari mwekundu. Vyote vikaingia kwenye mfuko wa turubai wa jeshi wenye mkanda wa begani. Na kabla ya kila kipimo nilikuwa naijaribu mita kikombe kikiwa kitupu. Mshale ukilala chini kabisa, mita ni safi. Ukiinuka, kuna uchafu mahali.

Ilifanya kazi. Acha niseme bila haya: katika vyote nilivyovitengeneza kwa mikono hii, hicho kilikuwa kizuri kuliko vyote.

Mavuno yakaingia, na mvua ndogo nazo zikaingia juu yake. Bwana akaja stoo. Nikampimia gunia kavu na gunia lenye maji, mshale ukasema yote mawili bila kusita, akafurahi, akanipiga bega. Kisha akamgeukia nyapara, akamwambia kesho aanze kutenga. Upande wa mlango mkubwa, ya kwenda Nakuru. Upande wa ukuta wa nyuma, pale bati lilipokuwa likivuja, ya posho. Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamkumbusha kwamba haya yenye maji tulisema yataanikwa. Bwana alikuwa na Kiswahili chake cha kuamrishia mbwa na watu, na akanijibu kwa hicho.

"Wewe nasema mahindi hapana tupa. Mzuri. Hapana tupa. Watu ya kambi nakula."

Akaenda zake. Kuanika kunataka watu, alisema akiwa ameshanipa mgongo, na watu yeye anawataka shambani.

Nyapara alicheka mpaka tumbaku ikamteremka kidevuni. Sikuweza hata kumtukana, maana nilikuwa nafikiri. Jino lake lilikuwa likikosea. Miaka yote lilikuwa likikosea, na katika makosa yake, gunia moja kavu hapa na jingine pale, kambi ilikuwa inapata kitu cha kula. Sasa mimi nilikuwa nimewatengenezea mashine isiyokosea. Hakuna punje kavu ambayo ingepotea njia tena ikafika kambini. Yaliyooza na yatakayooza, na hayo tu, ndiyo yangemfikia binti yangu, kwa ufundi wa baba yake. Nilikwenda nyuma ya stoo nikatapika, na sikuwa nimekula kitu.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya milima, niliteremka kambini na ule mfuko begani, kwa sababu bwana hakutaka mita ilale stoo na panya. Mama alikuwa anamnawisha mtoto miguu. Akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni ile kazi yangu ya miezi yote, nikaitoa, nikaiweka juu ya kigoda, na sikumweleza zaidi, sikuwa na uso wa kumweleza. Mama aliizunguka akiitazama. Akauliza kama nimeiunda mimi mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, nikaitikia. Akaniambia nisiiondoe hapo, akaingia ndani.

Ningejua, ningeikimbiza. Kwetu, mtoto akiunda kitu cha kwanza, hata kama ana mvi, mzazi hawezi kukiacha kitoke nyumbani kikavu. Mama alitoka na kibuyu chenye maziwa kidogo, maziwa ya mtoto, aliyopewa na jirani asubuhi. Akasukutua mdomo kwa maji, akatema kando, maana baraka haitolewi kwa mdomo mchafu. Kisha akapiga funda la maziwa, akainama, na kabla sijamfikia akalipuliza lote juu ya mita yangu. Puu! Maziwa na mate, juu ya kioo cha mshale, juu ya kikombe, juu ya kola ya plastiki niliyokuwa nikiiosha kwa spiriti isiguswe hata na kidole changu.

"Ilishe watoto," akasema.

Nilimfokea. Nilimfokea mama yangu mbele ya majirani. Nilimwambia hii ni mashine, si ndama, na kwamba ameichafua kwa mate yake. Niliipangusa kwa shati langu huku nimegeuza uso, na harufu ya maziwa ya vuguvugu ikanifuata puani. Alimshika mtoto mkono, akachukua kibuyu chake kitupu, akaingia ndani na kuurudisha mlango.

Asubuhi bwana alimleta mzungu jirani aje aone mashine. Nikaweka mfuko juu ya gunia, nikaifungua mita, nikaijaribu kikombe kikiwa kitupu kama kawaida. Mshale ukainuka. Ukapanda taratibu, ukafika karibu na mstari mwekundu, ukakaa hapo. Nilijua papo hapo. Shati langu lilikuwa limepangusa juu, lakini maziwa yalikuwa yameteremka chini ya kola, kwenye ule ufa mwembamba ambamo hata vumbi nililitoa kwa unyoya wa kuku, na sasa stima ilikuwa na njia yake yenyewe ya kupita, mahindi yawepo yasiwepo. Chupa ya spiriti ilikuwa mfukoni mwangu. Kufungua skrubu na kuosha si kazi ya muda mrefu. Bwana akapaza sauti akiuliza nangoja nini.

Nikamtazama yeye. Nikamtazama nyapara na kidevu chake. Harufu ya magunia ya zamani pale ukuta wa nyuma ilikuwa imetufikia hapo tuliposimama. Nikasema moyoni, shauri yenu, nikajaza kikombe.

Gunia la kwanza, lina maji. La pili, lina maji. Nyapara akauma punje, ikalia ka, akasema bwana, hili ni kavu. Nikasaga mengine kutoka gunia lilelile mbele ya macho yao, mshale ukapita mstari. Tukaenda katikati ya stoo, tukapanda juu ya lundo, tukafika hadi kwenye mahindi yaliyovunwa kabla ya mvua kunyesha. Yote yana maji. Nyapara aliuma mpaka taya zikachoka, akaapa kwamba ni makavu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anasema kweli. Bwana akamwambia afunge mdomo. Jino lile ndilo lililomrudishia lori mbele za watu, na jirani alikuwa amesimama pale akiutazama mshale na kutikisa kichwa.

Mimi sikuwa nimepanga lolote. Nilitaka tu kuwaharibia siku. Lakini nilimwona bwana akiiangalia stoo kutoka sakafuni hadi kwenye mabati, nikaelewa kabla yake. Stoo nzima huwezi kuimaliza kwa posho. Stoo nzima huwezi kuipeleka steshenini ukaaibishwe upya. Alibaki na jambo moja la kufanya, na lilimuuma kulisema.

"Toa yote inje," akasema. "Anika yote."

Watu waliitwa kutoka shambani. Turubai zote zikatandazwa, mabati ya zamani yakatandazwa, na vilipokwisha vyote mahindi yakamwagwa kwenye uwanja wa tenisi wa memsaab, wanawake wakiyageuza kwa miguu huku mwenyewe amesimama dirishani ameshika kichwa. Stoo ilipokaribia kuisha tukafika chini. Hapo sitaki kueleza sana. Magunia ya chini hayakuwa magunia tena, ukishika linabaki mkononi. Ndani yalikuwa meusi, ya moto, yanachezacheza kwa funza, na panya waliofia humo walikuwa wameshikana na mahindi hata hujui kipi ni kipi. Mzungu jirani aliziba pua kwa leso, akamwuliza bwana jambo kwa lugha yao, na nikaiona shingo ya bwana ikibadilika rangi. Akaamuru yachomwe. Hayo ndiyo yaliyokuwa yamepangiwa posho ya Jumamosi. Watu walisema moshi wake ulinuka hadi Kiamunyi, nami siwabishii.

Jua lilituhurumia. Mahindi yakakauka, na maziwa chini ya kola nayo yakakauka, mshale ukashuka kidogo kidogo siku hadi siku, na bwana akawa anawaambia wenzake kwamba mashine hii haina mfano. Nakuru wakapokea malori yake bila neno. Na kambini, kwa kuwa hapakubaki kibovu cha kuwapa, wanawake walipimiwa mahindi yaleyale ya kwenda Nakuru. Walisimama kwenye foleni wakichota punje kiganjani na kuzinusa, hawaamini. Mama alisaga, akasonga. Ugali ukatoka mweupe. Mtoto akala tonge, akanyamaza, sote tukamtazama, mimi nimeshanyoosha mikono kumshika. Akauliza kama upo mwingine.

Pamoja na hayo, mama alikuwa akinijibu kwa ufupi tu. Nilimletea sukari, akashukuru kama anavyomshukuru mgeni. Neno lile la kuchafua lilikuwa limekaa kati yetu, na mimi sikujua pa kuanzia.

Mwaka uliofuata, mavuno yalipokaribia, bwana aliniambia niisafishe mita, niing'arishe, iwe tayari. Bati la ukuta wa nyuma bado lilikuwa likivuja. Nyapara alikuwa ameshaambiwa atenge upande wa posho kama mwanzo. Nikaifungua mezani pangu, nikaitoa ile kola. Chini yake palikuwa na ukoko wa maziwa, wa manjano, umepasukapasuka, na sisimizi mmoja amekauka ndani yake. Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikaisogeza karibu, nikaishika hapo mpaka spiriti yote ikakauka bila kugusa kitu.

Nikaifunga mita, nikaibeba, nikapita kwa wakamuaji nikaomba maziwa, nikateremka kambini mchana kweupe. Mama alikuwa amekaa nje anachambua maharagwe. Nikaiweka juu ya kigoda kilekile, nikalegeza kola, nikamwonyesha ule ufa, nikamweleza yote: kazi ambayo mita iliundiwa, alichoniambia bwana, mshale ulivyoinuka asubuhi ile kikombe kikiwa kitupu, na posho nyeupe ilitoka wapi. Nilipomaliza aliitazama stoo kule juu, kisha akanitazama mimi.

"Ulisema nimeichafua," akasema.

"Nilisema hivyo, mama. Ichafue tena."

Aliinuka, akasukutua mdomo kwa maji, akatema kando. Nikampa maziwa, akapiga funda. Nikaiinua mita kwa mikono miwili, nikauelekeza ule ufa kwake ili yafike ndani kabisa, uso wangu ukawa karibu sana na wake, na alipopuliza yakanirukia mashavuni na kwenye midomo. Sikupangusa.